Majibu ya Kinyozi

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Miaka kumi na sita ya kunyoa vichwa ilimfundisha kwamba mteja mwenye wasiwasi hutulizwa kwa mzaha kabla wembe haujamgusa. Sasa mbele yake, ofisini, alikaa afisa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye macho mekundu, faili zimempanda hadi kidevuni. Kinyozi akamhurumia. Akaamua kumchangamsha.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu kinyozi amzike dada yake. Hakuwa amelia, alikuwa amenyoa tu, asubuhi hadi jioni. Shemeji yake ndiye aliyeshtakiwa kwa kifo hicho. Mtoto wao, msichana wa miaka tisa, alikaa kwenye benchi na begi la shule mapajani. Ilibaki fomu moja. Ikikubaliwa, anaondoka na mjomba wake. Ikikataliwa, anapelekwa makao ya watoto.

“Nyumbani mko wangapi?”

“Peke yangu, mama. Ukihesabu na panya, ukoo mzima.”

Kalamu ikatembea.

“Mtoto atalala wapi?”

“Kitandani. Mimi nitaning’inia darini kama popo.”

Kwenye benchi, mpwa wake alicheka. Kidogo tu, puani, lakini hakuwa amecheka tangu mazishi. Kinyozi akaona mambo yameiva.

“Akikosea, utamwadhibu vipi?”

“Nitamnyoa kipara, bila maji.”

Kalamu ikatembea, kisha ikasimama. Afisa akasoma kwa sauti ileile ya kuuliza. Nyumba ina panya. Kitanda ni kimoja. Mwombaji ametishia kumnyoa mtoto kwa wembe. Ombi halikubaliki.

“Mama, nilikuwa natania.”

“Fomu haina sehemu ya utani, kaka.”

“Basi futa.”

“Hatufuti. Unaweza kuomba upya baada ya miezi sita.”

Kinyozi akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa, kama ya mtu mwingine.

“Na baba yake, leo analala wapi?”

“Shtaka limepunguzwa, likawa la kuua bila kukusudia. Amepata dhamana. Yuko kwake.”

“Kwenye vyumba vitatu.”

“Hilo halimo kwenye faili yangu.”

“Makao yenu yana geti?”

“Lina kufuli. Mtoto hatoki bila kibali.”

“Kwa hiyo aliyeshtakiwa yuko sebuleni kwake, na huyu ndiye wa kufungiwa.”

“Huyu hafungiwi. Huyu analindwa.” Afisa akainuka, akamshika mtoto mkono. Begi likabaki kwenye benchi. Mtoto akarudi kulichukua mwenyewe, akapachika mikanda mabegani, mmoja, halafu wa pili.

Kinyozi akawafuata hadi mlangoni.

“Nitanunua kitanda leo hii. Njoo ukague, mama. Panya hakuna, nakuapia. Panya gani akae kwangu? Atakufa njaa.”

Alishasema. Mdomo ulikuwa umezoea, ulikwenda wenyewe. Afisa akasimama, akaegemeza faili kwenye fremu ya mlango na kutoa kalamu mfukoni.

“Mama, sikiliza, sikuwa na maana…”

“Mjomba,” mtoto alisema bila kugeuka, “nyamaza. Kila ukisema, anaandika.”