Ufunguo wa Pili

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi, mistari tisa, na mstari wa sita ndio niliourudia mara tatu. Ulisema kwamba marehemu, mtunza ghala la baruti, alifungua ghala kwa ufunguo wake na kwa ufunguo wa pili "alioutwaa kwa siri", akatoa maboksi manne, kisha akafa kwa mlipuko alipokuwa akiyahamisha. Chini paliachwa nafasi ya jina langu mimi, kaka yake, fundi baruti wa machimbo yale yale. Nikitia saini, tunapewa maiti siku hiyo hiyo. Nisipotia, maiti ataendelea kusaidia uchunguzi.

"Maiti anasaidiaje uchunguzi?" nilimuuliza afisa.

Alikuwa na shati jeupe, na hakututajia jina wala kitengo chake. "Kwa kutulia," akasema. "Jifunze kwake."

Mimi si mtu wa kutulia. Miaka ishirini na miwili nimepasua mawe pale, nimegoma mara tatu, nimefukuzwa mara mbili na kurudishwa mara mbili, kwa sababu hawakupata mwingine anayeujua ule mwamba. Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya baruti, "weka mbali na moto", "usidondoshe", halafu kwenye magazeti ya kufungia sabuni, na nilipoweza vizuri nikausoma mkataba wetu wa kazi. Tangu siku hiyo sijalala usingizi mzuri. Nakumbuka nani aliahidi glavu, tarehe gani, mbele ya nani, na glavu hazikuja. Wakubwa wa kampuni wananiita Kalenda. Wanadhani wananitukana.

Kwa hiyo mambo haya nitayasema kwa siku zake, na pale ambapo sina hakika nitasema sina, ingawa inaniuma.

Ghala la baruti lina mlango mmoja wa chuma na kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza anao mtunza ghala, wa pili anao fundi baruti, na sheria imebandikwa ukutani: funguo hizi zisikae kwa mtu mmoja. Sheria nzuri, ila aliyeitunga hakuwahi kupanda mwamba. Ghala liko bondeni, sisi tunalipua juu, na siku ya kulipua natakiwa kuwa juu tangu asubuhi nikikagua matundu. Kushuka kugeuza ufunguo mara moja na kupanda tena ni saa nzima. Basi kwa miaka kumi na minne, kila siku ya kulipua, niliutundika ufunguo wangu kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha king'ora, chini ya koti la Mzee Honi, mzee wetu anayepiga king'ora ili watu wajifiche kabla ya mlipuko. Mdogo wangu anakuja, anauchukua, anatoa kinachotakiwa, anaurudisha. Hata wakati wa joto kali Mzee Honi alikuja na koti lake, kwa heshima ya ufunguo. Machimbo mazima yalijua. Meneja alijua, na alifurahi, maana kokoto zilitoka mapema.

Mwalimu naye alijua, kwa sababu nilimwambia mimi.

Alitufikia miezi minane kabla ya haya yote, akasema amefukuzwa ualimu kwa kusema kweli, na yuko tayari kutuandikia madai yetu kwa lugha ambayo wakubwa hawataicheka. Mwandiko wake ulikuwa kama wa kadi ya harusi. Nilimpenda. Nilimzungusha kila mahali nikimwonyesha ngazi zilizooza, maji machafu ya kunywa, na mwisho nikamwonyesha msumari. Nilimwonyesha kwa majivuno, jamani. Nikamwambia tazama, sheria yao wenyewe ikifuatwa hawapati hata lori moja kwa siku, sisi ndio tunaoibeba kampuni hii mgongoni. Akaandika kwenye daftari lake. Jioni mdogo wangu aliniambia haelewani na mtu anayeuliza maswali mpaka chai yake inapoa bila kunywa hata funda moja. Nikamjibu kwamba yeye anaogopa hata kivuli chake.

Kisha mambo yakaanza. Kwanza alikufa dereva wa lori lililotuletea baruti. Gari lilipinduka kwenye barabara iliyonyooka kama rula, mchana kweupe. Wakasema alikuwa amelewa. Dereva yule alikuwa na vidonda vya tumbo. Kinywaji chake kilikuwa maziwa, na tulimtania kwa hilo miaka yote. Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, bomu likalipuka mjini kwenye ofisi za gazeti moja, wakafa watu wawili. Ijumaa tulilipua kama kawaida. Siku hiyo hiyo Mwalimu akatoweka, akaacha chumba kimefagiliwa. Jumatatu tukahesabu ghala, maboksi manne hayapo. Jumapili iliyofuata mdogo wangu akakutwa chini ya mwamba, amekufa.

Kwa mlipuko, wanasema. Mzee Honi anaishi hatua mia mbili kutoka pale na hakusikia kitu. Mhudumu wa chumba cha maiti aliniambia, huku akijifanya anapanga shuka, kwamba kamba za viatu zilikuwa bado zimefungwa vizuri na nguo hazikuungua popote. Kisogo ndicho kilichopasuka.

Kubwa zaidi ni hili: redio ilitangaza kuwa baruti ya bomu lile imetoka machimboni kwetu, nami nilisikia Jumamosi, siku mbili kabla hatujahesabu. Nani aliiambia redio? Hiyo ndiyo nguzo yangu. Nimeisimamisha hapo, na kila kitu nimekiegemeza juu yake.

Nikarudi kwa yule afisa. Kabla sijatoka ofisini kwake aliweka mezani mfuko wa nailoni wenye ufunguo. "Ulikuwa mfukoni mwa marehemu. Wako?"

Meno yalikuwa yale yale. Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Ila ufunguo ule ulimeta kama sarafu mpya, na kichwani haukuwa na kitu, na mimi ufunguo wangu niliuzungushia waya wa njano wa fataki, zile za kuwashia baruti, tangu mwaka wa mgomo wa pili, usiniteleze mkononi. Nikasema naomba nikaongee na familia. Akanipa mpaka kesho yake asubuhi.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha king'ora. Mzee Honi alikuwa anapaka grisi mashine yake. Nikainua koti. Ufunguo wangu upo pale pale, na waya wake wa njano.

"Uko hapo tangu Ijumaa ya mwisho ya kulipua," Mzee Honi akasema. "Mdogo wako aliurudisha mwenyewe. Hukuja kuuchukua."

Kweli, sikuwa nimekuja. Tangu tulipohesabu, kazi ilisimamishwa, na mimi nilikuwa nazunguka kwenye mikutano. Nilipaswa kufurahi: kama wangu uko hapa, ule wa mfuko wa nailoni ni wa kuchonga. Lakini nani aliuchonga? Nilimbana mzee, akakuna kichwa, akasema kuna Jumatano moja, si siku ya kulipua, mtu aliingia akauchukua na kuurudisha baada ya saa mbili hivi. Nikamuuliza ni nani. Hajui. Alikuwa amempa mgongo.

"Mzee wangu, hukugeuka hata kidogo?"

"Nigeuke niangalie nini? Miaka kumi na minne watu wanachukua ufunguo. Wewe ungegeuka?"

Nikakaa kwenye ndoo yake. Nilitaka awe Mwalimu. Niliutaka uso wa Mwalimu mlangoni pale kama mwenye kiu anavyotaka maji. Lakini mtu aliyeingia pale mara nyingi kuliko wote, ambaye hakuna aliyemgeukia, alikuwa mdogo wangu. Na baada yake, mimi.

Shemeji, mke wa marehemu, nilimkuta jikoni anapiga pasi nguo za kuzikia. Nilimweleza yote, nikafika kwenye nguzo yangu, redio ya Jumamosi. Akaiweka pasi wima.

"Haikuwa Jumamosi, shemeji. Ilikuwa Jumanne."

Nikasema Jumamosi, ninaikumbuka. Akasema Jumanne, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kumwambia habari ya kuhesabu, na redio ilipotaja machimbo aliizima, akakaa na kitufe mkononi, maana kiling'oka. Kitufe bado kilikuwa juu ya kabati. Nilikitazama. Mimi, Kalenda, nilisimama jikoni kwa mtu nikitafuta Jumamosi yangu kichwani, na kila nilipoigusa ikawa na sura ya Jumanne, na Jumanne ikawa na sura ya Jumamosi.

"Kwa hiyo nisaini?" nikamuuliza.

"Wewe unataka kushinda. Mimi nataka kuzika," akasema. Akaichukua pasi tena, akaipitisha kwenye kola mara mbili tatu. "Ila ujue jambo moja. Jumamosi ile kabla hajafa walimwita. Walimwekea karatasi mbele yake. Ilisema wewe na yule Mwalimu wako mmetoa maboksi kwa ajili ya siasa zenu, kwa ufunguo wake mliomwibia."

"Akasemaje?"

"Alirudi na njaa. Akasema karatasi ina mistari tisa na kalamu yao haiandiki."

Nikautoa mfukoni ufunguo wenye waya, niliokuwa nimeuchukua kwa Mzee Honi. Nikamwekea juu ya kabati, karibu na kile kitufe. Akautia kwenye kopo la sukari, akalifunika, akaendelea na kola.

Asubuhi nilimwambia afisa kwamba karatasi yake sitaisaini, nitaandika yangu. Akanisogezea kalamu kama mtu aliyekuwa akiningoja. Niliandika polepole, kwa herufi za maboksi: kwamba ufunguo wa pili haukutwaliwa kwa siri, kwamba niliutundika mimi mwenyewe kwenye msumari, miaka kumi na minne, na machimbo yote yalijua pamoja na meneja, kwamba yeyote aliyepita angeweza kuuchukua, kwamba mdogo wangu aliurudisha Ijumaa. Kuhusu waya wa njano sikuandika neno. Nikatia saini. Nilikuwa nimevaa suruali mbili, maana nimewahi kulala rumande na najua sakafu yake.

Akasoma mara mbili. "Hujamtaja Mwalimu," akasema.

Mimi sikuwahi kumtaja Mwalimu mbele yake, wala sijui nani aliyemtia kwenye karatasi waliyomwekea mdogo wangu. Labda mtu mwingine alimtaja. Machimbo yana midomo mingi. Labda. Nikamwambia simjui vizuri.

"Hakuna anayemjua vizuri," akasema, akagonga muhuri, akanipa kibali cha kuchukua maiti. Nikabaki nimesimama. Nilikuja nikiwa tayari kwa pingu, na suruali mbili, na mtu ananiambia nipite dirisha la tatu. Mpaka leo sijui kama niliwanyima walichokitaka au nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Maana sasa msumari upo kwenye maandishi, na saini ni yangu.

Tulizika saa tisa alasiri. Makaburi yako upande wa pili wa machimbo. Wenzetu wote walikuja na viatu vyao vya kazi, na shati jeupe lilisimama mbali, kando ya ukuta. Tuliposhika kamba kumteremsha, king'ora kikalia. Mzee Honi aliona mtunza ghala hawezi kwenda hivi hivi, akampigia honi ndefu ya kumuaga. Lakini miili yetu haikujua hilo. Watu wote tulichuchumaa pale pale, wasioshika kamba mikono kichwani, migongo kwenye udongo uliochimbwa, sisi wengine kamba zikiwa zimekazwa mikononi na jeneza likining'inia nusu. Shemeji peke yake ndiye aliyebaki amesimama, na mkoba wake kifuani. Nilijua kilichomo, na waya wake wa njano.

Honi ikaisha. Tukangoja mlipuko.