Masaa Mawili ya Lázaro

Kila hesabu iliyotoka mezani kwa Injinia Zuleica ilikuwa na masaa mawili ya ziada. Wateja walinung'unika, mwenye karakana alifoka mpaka akachoka. Kazi ya Zuleica ni kutazama mchoro na kusema chuma kitakerezwa kwa muda gani, na masaa mawili yale hakuna aliyejua ni ya nini. Yalikuwa ya Lázaro.

Siku vita vilipoingia mjini kwao Palma, alimwandikia fundi Lázaro masaa matano ya kukereza shafti ya boti ya mteja wao Nuro. Lázaro akawasha torno, mashine ya kukerezea, saa tatu asubuhi. Mchana Zuleica akaenda kwa Chamima kusuka nywele, na pale kwenye mkeka ndipo akakumbuka, lahaula, kwamba hakuhesabu muda wa kukigeuza chuma na kukifunga upya. Kazi ya kwisha saa nane itafika saa kumi. Aa, si kitu, akajisemea, na kichwa akamwachia Chamima. Saa kumi kasoro kidogo risasi zikalia. Alikimbilia pwani nywele nusu. Lázaro alikutwa amelala chini kando ya torno lake.

Basi tangu hapo torno likinguruma shingo inamsisimka. Fundi mwingine ndiye anayesimama pale, lakini Zuleica anasikia mluzi wa Lázaro, na kugeuka hathubutu. Nimemuua kwa kalamu, anajiambia kila siku.

Siku ya Jumanne Nuro akaja, anatokea Nhica alikokimbilia na kuhamia, amebeba shafti iliyolika, anataka nyingine kama hiyo. Zuleica akaigeuza. Kwenye ncha kulikuwa na nukta tatu, alama ambayo Lázaro hakuigonga mpaka kazi iishe kabisa. Jamani, alicheka huku machozi yanamtoka. Alimaliza! Akamuuliza Nuro aliipata wapi. Nuro akajibu kwamba aliiokota mezani hapo hapo watu waliporudi, imefungwa kitambaa. Ila siku yenyewe ya vita pia aliifuata, saa nane na robo, na ilikuwa tayari.

"Alikataa kunipa, dada," Nuro alisema. "Nikamwambia funga, nenda nyumbani. Akasema umeagiza isitoke mpaka uipime mwenyewe, na unarudi sasa hivi."

Zuleica akachukua karatasi ya shafti mpya. Akaandika masaa matano, akayaacha hivyo hivyo, bila yale mawili. Kisha akachukua kipimo, akaipima shafti pale ambapo haijalika. Ilikuwa sawasawa. Nyuma yake mluzi ukanyamaza, ukamngoja aseme sasa itoke.