Mlango Kabla ya Ukuta

Miezi miwili baba alikuwa hajatamka neno. Kiharusi kilimkuta akipiga lipu, mwiko mkononi. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha viungo aliniambia tusikate tamaa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata yake. Mimi nilitaka neno moja tu: Kiherehere. Ndivyo alivyoniita tangu nina miaka minne.

Basi kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilimpangia sataranji, kete nyeupe upande wake. Baba alikuwa na mwanzo mmoja maisha yake yote. Askari wa katikati mbele, kisha askofu atoke, ndipo askari wa pili asimame kuziba pengo. Mfalme pembeni. Hamchokozi mtu. Loo, alivyokuwa akinichosha! Mimi wa kumrusha malkia hatua ya tatu nilikuwa namuuliza, "Baba, unacheza au unajenga?"

"Na wewe unacheza au unagombana na majirani?" Halafu ananifunga.

Sasa alizikodolea macho tu kete. Asubuhi moja uvumilivu ukaniisha. Sare za watu zinanisubiri, shingo inaniuma, na yeye kimya.

"Haya, nitakuchezea mwenyewe!"

Nikasukuma askari wake wa katikati. Nikasogeza wangu. Nikasukuma askari wake wa pili, hatua moja, nikanyoosha mkono nicheze tena upande wangu.

Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukanikamata. Nikaganda. Ukaniachia, ukamrudisha yule askari wa pili nyuma. Kisha ukamchukua askofu na kumtoa nje. Hapo ndipo nikaliona kosa langu: nilikuwa nimemfungia askofu ndani.

Midomo yake ikahangaika.

"Mlango," akasema, neno limepinda upande. Akapumzika. "Mlango kwanza. Ukuta baadaye... Kiherehere."

Jamani, nililia. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba, nikamfukuza. Sare za watu zikangoja. Nikajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha shule, nikarudi kwenye kiti changu mbele ya baba.

Malkia sikumgusa siku ile. Nilisogeza farasi, kisha askari mmoja mmoja, polepole kama yeye, ili mchezo usiishe mapema.