Barua Mgongoni mwa Profesa

Kila Jumatatu profesa alileta mashati sita, na dobi aliyageuza ndani nje kutafuta madoa kabla ya kuyaloweka. Mwaka ule madoa ya mgongoni yalianza kuwa maandishi. Jasho liliyachapa kwenye kitambaa, mstari baada ya mstari, rangi ya chai iliyopoa.

Zilikuwa herufi zilezile za jiwe la makumbusho, ambazo hakuna mtu duniani aliyewahi kuzisoma. Dobi alizisoma amesimama, sabuni mkononi, asijue amejifunzia wapi. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake, unaolalia kushoto tangu alipoacha shule darasa la tatu.

Mdogo wake alikuwa mchimbaji wa profesa kwenye magofu ya mji wa kale. Miaka kumi na tisa nyuma, kuta za shimo zilibomoka zikamfunika. Winchi ilikuwa moja. Profesa aliamuru jiwe lile lenye herufi litolewe kwanza, na lilipokwisha kutoka hakukuwa na haja tena ya kuharakisha. Shimo likafukiwa.

Huko chini mdogo mtu alikutana na wenye mji wa kale, wakamfundisha kuandika. Alieleza hayo kwenye shati la kwanza. Kwenye la pili alimsalimia shemeji yake na kulalamikia goti. Kwenye la tatu, kama kwa kupita tu, alisema kwa nini mji mzima ulihamwa kwa siku moja, jambo lililowaumiza vichwa wataalamu kwa miaka mia. Sababu yenyewe ilikuwa fupi, na ya aibu kidogo. Dobi alimsimulia mkewe, wakacheka, kisha akalitosa shati kwenye maji ya moto.

Mke wa dobi hana breki mdomoni, kwa hiyo habari zilimfikia profesa. Alikuja mikono mitupu, akijikuna, maana herufi zilimwasha kama upupu. Picha za mgongo wake alikuwa nazo tele. Kusoma ndiko kulikomshinda. Aliomba asomewe sentensi moja tu, kabla hajazeeka kabisa.

"Mtoe mdogo wangu nimzike," dobi alisema.

"Tabaka za udongo, bwana. Zikivurugwa hazirudi."

"Na yeye harudi. Basi tumetoshana."

Profesa aliahidi kuliandika jina la marehemu kwenye ukuta wa makumbusho, kwa rangi ya dhahabu. Dobi akamuuliza ni jina gani hilo. Profesa alitazama pasi, akatazama kamba ya nguo, akasema atalitafuta kwenye mafaili.

Jumatatu iliyofuata shati lilisema: "Kaka, huyu mtu analalamika sana. Nipunguze nguvu ninapoandika?"

Dobi alilifua, akalianika, likakauka. Kisha akachukua sindano na uzi mweupe, akashona neno moja kwa ndani, pale uti wa mgongo unapopita: "Kandamiza." Akalipiga pasi, akalikunja vizuri kuliko yote.

Profesa alistaafu mwezi uliopita. Alitoa hotuba ya kuaga huku akijisugua mgongo kwenye fremu ya mlango, akasema fumbo la mji ule bado halijateguliwa. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Shimo halijafukuliwa. Juu yake wamepanda nyasi, na wameweka kibao kinachowaomba wageni wasizikanyage.