Nyumba ya Mrumi Uani kwa Milcah

Kitendawili, wewe unayesikiliza! Ina ukuta, ina paa, ina mlango, lakini ukibisha hodi hakuna anayeitikia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Likuyani, na mahindi yake yote? Asante. Ni nyumba ya Mrumi, pale uani kwa Milcah.

Milcah alikuwa amechoshwa na Warumi. Mwanawe Wandera, mwalimu wa historia, alileta fito na nyasi, akakanda udongo, akasimamisha nyumba ya mviringo ili awaonyeshe wanafunzi wake walivyoishi wakulima wa kale mpakani mwa utawala wa Roma.

"Walilima shayiri, mama. Halafu askari wa Roma wanakuja kuchukua fungu lao."

"Sawa. Na ndani atalala nani?"

"Ni ya maonyesho! Ijumaa wakishaiona, naibomoa."

Milcah akafyonya. Kwao mwana mzima halali kwa mamake. Hulala kwenye simba, nyumba aliyojijengea mwenyewe uani. Wandera hakuwa nayo. Kila akija, jua likiinama tu, huyo, anakimbilia chumba chake cha kupanga Kakamega mjini. Tangu mzee afariki, Milcah alibaki na kuku na kimya. Leo mtoto kajenga, na kumbe kamjengea Mrumi!

Alhamisi akaingia Makhanu, ndugu wa marehemu, jogoo wa zawadi kwapani. "Hongera! Simba imesimama!"

"Baba mdogo, si simba. Ni ya Warumi."

"Wako wapi, niwasalimie?"

"Walikufa zamani sana."

"Ala! Umejengea wafu uani kwa mamako?"

Wandera akashika kichwa. Makhanu akamwachia jogoo, akaenda zake akicheka.

Ijumaa wanafunzi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Wandera akachukua jembe. Kabla hajaliinua, Milcah akampokonya, akaupiga ukuta mwenyewe, udongo ukaruka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakusaidia! Jua linashuka, gari litakuacha. Wabebe na Warumi wako!"

Akapiga tena. Wandera akamshika mkono. "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Tangu babako aende mimi nangojanga tu! Wiki nzima nakuuliza swali moja, unanijibu shayiri. Ndani atalala nani?"

Wandera akatazama lile tundu ukutani. Akalichukua jembe taratibu, akaliegemeza mlangoni.

"Mimi, mama."