Maana ya Imla

Tangu kiharusi kimpooze mkono wa kulia na kumlegeza mguu, mwalimu mstaafu alikuwa akiandikiwa barua na mkewe. Mke alikuwa mshonaji. Siku hiyo aliweka kando mkasi na tepu, akafungua daftari juu ya meza ya cherehani, na mume akaanza kutamka kana kwamba bado ana wanafunzi arobaini mbele yake.

"Mwanangu, mkato. Nakuagiza ufike nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi, nukta. Aya mpya."

Barua ilikuwa ya binti yao wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka miwili nyuma, baba alimwambia kazi ile si ya mwanamke, na kama ataendelea nayo asikanyage pale tena. Binti akabeba begi lake akaondoka. Simu za baba alikuwa hapokei. Za mama alipokea, lakini baba akitajwa tu, mtandao ulianza kusumbua.

"Nakuagiza?" mama aliuliza. "Mtoto umemfukuza mwenyewe, halafu unamwagiza?"

"Andika nilivyosema, bibie."

Redio pale dirishani ilikuwa ikisoma habari za nchi ya mbali, ambako raia walikuwa wamechoshwa na utawala wa imla. Mama akainua kalamu.

"Hiyo imla wanayoisema ndiyo ile ya shuleni?"

Uso wa mzee ukachangamka. Ukitaka kumfurahisha, muulize neno.

"Ndiyo hiyo hiyo! Tumeitoa kwenye Kiarabu. Maana yake ni kumtamkia mtu maneno ayaandike. Mimi nasema, wewe unaandika. Huulizi, huongezi, hupunguzi. Sasa mtawala akiongoza hivyo, yeye anatamka na nchi nzima inaandika, si ni imla tu?"

"Na anayekosea?"

"Kalamu nyekundu!" Mzee akacheka.

Mama hakucheka. Alifunika kalamu yake taratibu. "Kumbe. Miaka thelathini na minane naishi kwenye nchi yako, na jina la serikali silijui."

Mzee alizungusha macho chumbani. Rangi ya kuta, shule ya mtoto, hata siku ya kufua mapazia, vyote vilikuwa vimetoka kinywani mwake.

"Nilikuwa nawatakia mema," alisema mwishowe.

"Najua. Ndiyo maana bado nipo." Mama alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimeachia. "Ila hata mtoto ana la kusema."

"Wewe ungeandikaje?"

Mama alimtazama vizuri. Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Akachana ukurasa, akaandika kwa muda mrefu, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni ya midomo, kisha akasoma:

"Mwanangu, baba yako anajifunza kutembea upya. Amekukumbuka sana, ila kusema kunamshinda. Tukipita kwa mafundi wa vyuma husimama akaangalia, anadhani sioni. Njoo ukipenda. Usipopenda, tutakupenda vile vile."

Mzee alichungulia karatasi, akaona makosa mawili ya tahajia. Akajikaza kiume, akayaacha.

"Ongeza kwamba nilikosea," alisema. Kisha akakumbuka: "Tafadhali."

Sahihi aliiweka mwenyewe kwa mkono wa kushoto, imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wiki ya tatu baada ya barua, Jumamosi asubuhi, binti alishuka kwenye gari la mizigo na mashine yake na mabomba ya chuma. Alimkumbatia mama, akampa baba shikamoo fupi, akaanza kupima ngazi za mlangoni. Hakusema anataka kufanya nini. Mzee alivuta kiti, akakaa kumtazama.

"Baba, usiangalie cheche, utaumia macho."

"Sawa, fundi." Akageuza uso.

Binti akazima mashine. "Umeniitaje?"

"Fundi. Au nimekosea?"

"Hujakosea." Binti alivua kinyago cha kazi, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akalaumu moshi.

Kufikia alasiri ngazi zilikuwa na bomba la kushikilia. Mzee alilishika kwa mkono wake mzima, akashuka ngazi tatu peke yake, akapumua, akashuka ya nne.

"Hizi kona umeziunganishaje?" aliuliza.

Binti alichuchumaa, akaanza kumwonyesha.