Maji ya Mgeni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia maabara ya maji ninakofanya kazi, nikakuta chupa ya sampuli imekalia kiti changu. Nikaiamkia, maana ilikaa kiutu uzima. Ikaitika marahaba.

Ilikuwa chupa ya bomba la Kisimatui, mtaa ulio bondeni, chini ya kiwanda cha ngozi. Jana mchana nilipima kama maji yake yana kromiamu, ile kemikali ya kusindikia ngozi. Kipimo chake ni chepesi: unatia dawa, na maji yenye sumu hiyo yanageuka zambarau. Hayakugeuka. Leo asubuhi nilipaswa kuwatangazia watu wa Kisimatui wanywe bila wasiwasi, na watoto wa dada yangu wamo humo.

Chupa inaniuliza kama nilifuata kanuni. Nasema nilifuata.

"Bomba huachwa litiririke kwanza," inasema. "Haya, liache."

Nafungua bomba la maabara. Yanatoka maji, kisha yanatoka mabomba yaliyozikwa, kisha mtaa mzima wa Kisimatui unatoka na kuku wake, unajipanga sakafuni. Chini ya nyumba nayaona maji yamesimama wima, marefu kuliko mnara, zambarau tupu, yanang'aa. Tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri namna ile. Watoto wa dada wanachezea humo, zambarau mpaka kiunoni, na wananipungia mkono.

Nikayaamkia maji kwa adabu, nikayauliza mbona mchana hayakugeuka rangi.

"Mchana hatukuonana," yakajibu taratibu. "Si husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone? Wewe ulikuja, ukakaa kitini."

Kweli nilikaa. Bi Mishi, mama mtu mzima anayeishi jirani na bomba, hakutaka kabisa niliinamie. Alisema, "Mwanangu, mgeni hateki maji nami ningali hai," akanipokonya chupa, akaingia nayo ndani kuisuuza, akairudisha imejaa. Nami nikashukuru kama mtoto aliyefunzwa na mamaye, nikaenda zangu.

Nikaigeukia chupa kuiuliza imebeba nini. Ikainamisha kifuniko kwa haya.

"Usinilaumu," ikasema. "Nilijazwa kwa mapenzi."

Nikazinduka, nikauvuta mkoba wangu wa kazi. Masalio ya sampuli yalikuwa bado mkobani, nilisahau kuyamwaga. Nikafungua, nikanusa.

Yananukia ubani.

Bomba halifukizwi ubani. Kinachofukizwa ni mtungi wa maji ya mvua, ule wa mgeni wa heshima. Bi Mishi alinipa yaliyo bora nyumbani kwake. Ya bomba wanakunywa wenyewe, yeye na watoto wa dada yangu.